Lenzi ya Canon RF 100-400 kwa ndege wa Mida: nimeipa nyota nne, na moja kati ya hizo ni ya bamvua

Nianze na jibu, maana najua wengi wenu husoma mistari mitatu mkaondoka. Kama una kamera ya Canon ya kizazi hiki cha RF, unapiga ndege wa ufukweni, na huna laki tatu za kuzika kwenye kioo kimoja, nunua RF 100-400mm f/5.6-8 IS USM. Kama ndege unaowataka wanakaa msituni, usitoe pesa mpaka usome kule chini nilipoandika habari za Arabuko.

Mimi riziki yangu ni harusi. Napiga picha za maharusi Mombasa, na lenzi zangu za kazi ni fupi na pana, za ukumbini, ambako bibi harusi hayuko mbali na wala haruki. Lakini Ramadhani ikiingia harusi husimama mpaka Idd, simu hutulia, na kamera hukaa kabatini. Mwaka 2025 mfungo uliangukia Machi. Na Machi kwenda Aprili, wanaopenda ndege wanajua, ndipo pwani yetu inapochangamka: huko kaskazini baridi inaachia, na wale ndege wa matope waliokuja kwetu tangu Agosti na Septemba wanavaa manyoya ya kuzalia, tayari kurudi Siberia. Ndege uliyemwona wa kijivu Januari, Aprili unamkuta ana kifua cha rangi ya matofali. Hao ndio niliowafuata kwenye hori la Mida, kule Watamu, kwanza katika kumi la mwisho la Ramadhani, kisha tena katikati ya Aprili mwezi ulipokuwa mpevu. (Mama yangu ana maoni yake kuhusu mtu anayeacha ibada za kumi la mwisho akaenda kulala kifudifudi mbele ya ndege. Nayaheshimu.)

Sasa lenzi. Ilitoka Septemba 2021 kwa dola 649. Yangu niliichukua ya mtumba, safi, chini ya laki moja. Uzito wake ni gramu 635, na mimi naifunga kwenye Canon R10, kamera ya 2022 yenye gramu 429 pamoja na betri na kadi. Jumla ni kilo moja na kidogo. Sensa ya R10 ni ndogo kuliko ile ya fremu nzima, kwa hiyo mwisho wa zumu, pale kwenye 400, unapata mwonekano wa lenzi ya 640 kwenye kamera ya fremu nzima. Ndugu zake wakubwa ni 100-500 ya 2020, ya tepe nyekundu (alama ya lenzi za daraja la juu za Canon), iliyotoka kwa dola 2,699 na ina gramu 1,365 kabla hujafunga kola ya stendi. Na 200-800 ya 2023, iliyotoka kwa dola 1,899, kilo mbili na gramu hamsini. Hizo ni lenzi nzuri. Hizo pia ni lenzi za mtu mwenye gari.

Mimi nilikwenda na matatu ya Malindi, nikashuka Mida kabla ya kufika Gede. Watu wa majaribio ya vifaa hawaandiki habari za matatu, na kwetu ndiyo habari yenyewe. Kamera na lenzi hii vinaingia kwenye mkoba wa kawaida wa kike, ule wa begani, pamoja na mtandio, tende za kufuturia na kitabu. Hakuna aliyejua nimebeba nini. Kondakta aliniwekea mkoba chini ya kiti pamoja na kuku wa mtu. Begi kubwa jeusi la kamera, lenye zipu kila upande, linatangaza kilichomo tangu stendi mpaka unakoshukia, na mimi ni mwanamke ninayesafiri peke yangu na kurudi usiku.

Kitu cha kwanza ambacho wajuzi watakwambia kuhusu lenzi hii ni kwamba ina giza. Ni kweli, na imeandikwa kwenye jina lake: ukivuta mpaka 400, tundu la kuingizia mwanga likifunguka mwisho ni f/8 (namba ikipanda, tundu linapungua). Lenzi ya f/4 inaingiza mwanga mara nne zaidi. Kwa picha za ukumbini hiyo ni kashfa. Lakini fanya hesabu ya Pwani. Jua la wazi, f/8, ISO 400 (ISO ni kiasi cha kamera kuhisi mwanga): unapata shata ya sehemu 1/1600 ya sekunde. Panda ISO 800, una 1/3200, na hapo hata ndege anayeruka anaganda na matone ya maji chini yake. Sisi tuna jua, jamani. Tatizo la Pwani huwa ni jua kuzidi. Jua likianza kushuka nilikuwa kwenye ISO 1600 na shata 1/2000, na R10 kwa ISO hiyo picha zake ni safi kabisa. Chenga utaziona ukikuza kwenye kompyuta, si kwenye karatasi na si kwenye simu ya mtu.

Swali kubwa kwa hiyo si giza. Ni umbali: je, 400 inatosha? Na hapa ndipo ninapoachana na mapitio mengi niliyoyasoma kabla ya kununua, kwa sababu yote yanajibu swali hili kana kwamba ndege amesimama mahali pamoja na wewe ndiye unayepaswa kumfikia.

Mida ni mkono wa bahari wenye mlango mwembamba, umezungukwa na mikoko, na ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyowekwa tangu 1968. Maji yakipwa, hori zima hugeuka uwanja wa matope na mchanga, na ndege husambaa humo kutafuta chaza, minyoo na kaa. Wako kwa mamia, na wote ni vidoti. Nilifika siku ya kwanza mapema mno, saa nane mchana, nikamkuta msichana anayeongoza wageni kwenye daraja la mbao. Aliangalia mkoba wangu, akaangalia matope, akasema, "Dada, hawa sasa hivi hata kwa darubini ni shida. Swali Alasiri kwanza, halafu uje. Maji yatawasukuma."

Wavuvi hawahitaji kufundishwa hili. Bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa kuliko kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwenye pwani ya Kenya siku za bamvua maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, za alfajiri na za jioni, yakapwa katikati ya asubuhi. Ndani ya hori huchelewa kidogo kuliko bahari ya wazi. Siku za maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, mambo hupinduka, maji hujaa kabla ya adhuhuri na alasiri yanakupwa. Mwezi wa Ramadhani unapokwisha mwezi mpya unaandama, kwa hiyo siku za mwisho za mfungo daima ni za kuelekea bamvua. Na bamvua ya mwisho wa Machi, jua likiwa karibu na ikweta, ni miongoni mwa kubwa kuliko zote za mwaka. Unaona inavyojipanga. Alasiri nzima maji yanapanda, uwanja wa matope unapungua, ndege wanarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea mikoko, yaani kuelekea kwako, na jua liko mgongoni kwako likiwapiga wao usoni. Kwa muda wa saa moja, labda na nusu, wanakuja mpaka unaanza kushusha zumu. Kisha maji yanafunika kila kitu na wanaruka wote kwenda kulala kwingine.

Katika muda huo sikuhitaji lenzi ndefu zaidi. Kwa mita 15, upana wote wa fremu kwenye R10 ukiwa 400 ni kama sentimita 84. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda chini (Calidris ferruginea) ana urefu wa sentimita 20 hivi. Yaani anachukua robo ya fremu, na ukiwa na megapikseli 24.2 unaweza kukata picha nusu na bado ukachapisha ukubwa wa kutundika ukutani. Mtu mwenye lenzi ya 600 akija siku ya maji mafu saa tisa mchana atarudi na vidoti vikubwa kidogo kuliko vyangu vya saa nane. Na atakuwa na tatizo jingine ambalo pesa haziondoi: mchana, hewa hucheza juu ya matope ya moto, na kadiri unavyovuta mbali ndivyo unavyopiga picha ya hiyo hewa. Manyoya yanatoka yameyeyuka. Watu wengi hulaumu fokasi. Fokasi haina kosa.

Daraja la mbao linalopita kwenye mikoko, na banda la kuchungulia ndege mwishoni mwake, ni mradi wa jamii ulioanzishwa pamoja na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, na ada ya kuingia husaidia karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyopakana na hori na msitu. Lipa bila kuomba upunguziwe. Daraja linatikisika mtu akipita, kwa hiyo kama una shata ndogo ngoja wageni wasimame. Banda lenyewe ni kivuli na matundu ya kuegemeza lenzi. Usitegemee viti vya sinema.

Nisimulie ndege mmoja kwa ukaribu, kwa sababu ndiye aliyenionyesha lenzi hii inajua nini. Mla-kaa, Dromas ardeola, mweupe na mgongo mweusi, miguu mirefu ya kibuluu, na mdomo mnene usiolingana na mwili, wa kuvunjia. Ni ndege wa ajabu: katika jamii nzima ya ndege wa matope, yeye peke yake huchimba shimo mchangani, akataga humo yai moja jeupe, na kuacha joto la mchanga lisaidie kazi ya kulalia. Huzalia huko Oman, Emirates, Iran, Bahari ya Shamu na Somalia, kuanzia Aprili, kwa hiyo mwisho wa Machi wako kwenye kuaga. Mida ni mojawapo ya mahali pazuri kabisa Kenya kuwaona. Kundi lilikuwa limesimama mguu ndani ya maji, wote wakitazama upande mmoja, na huyu mmoja akajitenga akaja kwenye ukingo wa mchanga. Alikimbia hatua chache, akasimama ghafla akainama, akakimbia tena. Kisha akachoma mdomo chini na kutoa kaa mdogo, akamgeuza ili miguu ikae vizuri, akammeza mzima. Nilimfuata tangu alipojitenga. Fokasi ya lenzi hii haina sauti, na haraka yake ilinishangaza kwa bei hii. Kamera ilishika jicho, ambalo ni jeusi lenye doa jeusi nyuma yake, na haikuliachia hata alipoinama. Katika picha tatu mfululizo unaona mguu wa kaa ukiwa umeshika mdomo kwa juu, kisha umeachia, kisha haupo. Zote tatu ni kali kuanzia jicho mpaka ncha ya mdomo. Pembeni za fremu ukali unapungua kidogo, lakini pembeni za fremu yangu kulikuwa na maji.

Hapa watu wa harusi tuna faida. Ukishazoea kulinda nakshi za gauni jeupe juani, mla-kaa na yangeyange hawakusumbui: shusha mwangaza theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga nusu au kuuzidisha mara mbili), chungulia chati ya mwangaza, hakikisha weupe haujaungua. Wanaotoka kwenye picha za wanyama wa mbugani hujifunza hili kwa machungu.

Shata: R10 ina ya kimakanika inayopiga picha 15 kwa sekunde na ya kielektroniki inayofika 23 kimya kimya. Kwa ndege aliyesimama tumia ya kimya, banda zima litakushukuru. Kwa anayeruka rudi kwenye ya kimakanika, kwa sababu ile ya kimya husoma sensa mstari kwa mstari na mbawa zinatoka zimepinda.

Katikati ya Aprili nilipata nilichokifuata. Vitwitwi wale wale, au ndugu zao, sasa wekundu kuanzia uso mpaka tumbo, baadhi bado wana viraka vya kijivu mgongoni. Kuna ndege wa matope mwingine, Pluvialis squatarola, aliyekuwa na tumbo jeusi tii mpaka shingoni, akipita katikati ya wenzake ambao bado wa kijivu. Xenus cinereus, yule mwenye mdomo uliopinda juu, ambaye hukimbia ameinamisha kichwa na kubadili njia bila taarifa, alinipotezea kadi nusu. Huyo hata lenzi ya milioni angeikimbia. Walikuwa wanakula bila kupumzika. Wanajaza mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, na kila mara mtu anapowasogelea wakaruka, wanachoma mafuta hayo bure. Nimeona wageni wakishuka kwenye matope na simu mkononi. Kaa bandani. Ukitaka kushuka, shuka mapema, keti, maji yawalete, na uondoke wakishakwenda.

Lenzi hii ina kipaji ambacho hakisemwi sana: inakaribia. Inashika fokasi kwa karibu mita moja tu, na inakuza mpaka mara 0.41. Wakati ninasubiri maji, chini ya daraja kulikuwa na kaa wale wadogo ambao dume ana gando moja kubwa, wakipunga kila mmoja mbele ya shimo lake. Nilipiga macho yao, yale ya kwenye vijiti, bila kubadilisha lenzi. Kubadilisha lenzi juu ya hori, upepo ukivuma, ni kualika mchanga na chumvi ndani ya kamera.

Na hapo tunafika kwenye upande wa pili. Lenzi hii haina kinga ya maji wala vumbi. Canon hawakuificha hiyo. Kinga mara nyingi ni ya lenzi za bei kubwa zaidi. Aprili ni masika, kaskazi imekwisha na kusi inaingia, na mvua ya Pwani haipigi hodi. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hiyo ule ujanja wa zamani wa kuvalisha kamera mfuko wa supamaketi umekwisha. Mimi natumia kofia za plastiki za saluni, zile za kufunika nywele za bibi harusi anapooga baada ya kusukwa. Zina mpira ukingoni, zinakaa vizuri kwenye mwili wa kamera mpaka katikati ya lenzi, na zinauzwa kwa bei ya karanga. Mvua kubwa ikija, acha kupiga. Usiku, futa lenzi yote kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji matamu, halafu kikavu, maana chumvi hukaa kwenye mrija wa zumu unaotoka na kuingia. Kisha ihifadhi kwenye debe la plastiki lenye kifuniko cha kubana na vifuko vya kukausha unyevu. Hewa yetu ya Mombasa huotesha ukungu ndani ya vioo vya lenzi yoyote, ya bei yoyote, na ukungu ukishaota fundi atakutoza karibu bei uliyonunulia.

Pia kofia ya mbele ya kukinga jua, ET-74B, haimo kwenye boksi. Inunue. Inakinga mng'ao wa jua la pembeni, na zaidi ya hapo inapokea ile mikwaruzo ambayo ingekwenda kwenye kioo unapojipenyeza bandani.

Mahali pa pili nilipoipeleka ni mlango wa Sabaki, kaskazini ya Malindi, mto unapoingia baharini na maji ya kahawia. Pale 400 ilikuwa fupi, sitadanganya. Uwanja ni mpana, hakuna banda, ndege wako upande wa pili wa maji, na ndani ya maji kuna viboko, kwa hiyo hutasogea. Heroe walitoka vizuri kama kundi, mstari wa waridi mbele ya matuta ya mchanga, na shakwe na buabua waliopita juu yangu nikawapata. Kwa ndege mmoja mmoja chini, nilipiga picha za mandhari zenye ndege ndani. Unaweza kufunga kikuzaji cha 1.4, kile kipande cha kati ya kamera na lenzi, ukafika 560, lakini tundu linakuwa f/11, na bei ya kikuzaji inakaribia ya lenzi yenyewe. Sioni hesabu yake. Kama Sabaki ndiyo nyumbani kwako, weka akiba ya 200-800.

Arabuko-Sokoke, msitu ulio ng'ambo ya barabara kuu kutoka Mida, ndiko lenzi hii inakoaibika. Asubuhi ya mawingu, chini ya miti, hesabu ile ya jua haipo tena. Ndege wadogo wanaorukaruka matawini walinitaka shata ya 1/500 angalau, na kwa f/8 hiyo ni ISO 12800 na bado picha ni nyeusi. Nilifuta karibu zote. Afadhali kubeba darubini na kufurahi kwa macho. Isipokuwa kwa kitu kimoja kisichosogea: yule bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, asiyezidi urefu wa kiganja na vidole vyake, ambaye mbali na msitu huu anajulikana pia kwenye miteremko ya Usambara Mashariki, Tanzania. Mwongozaji alimwona amelala kwenye kichaka, karibu na chini, akanionyesha kwa kidole na mimi bado nikaona majani makavu tu. Bundi halali huku akitembea. Nikapiga kwa 1/60, ISO 3200, lenzi mkononi bila stendi, na mfumo wa kutuliza mtikisiko, ambao Canon wanaupa stopu 5.5, ukafanya kazi yake: kila unyoya unahesabika. Flashi usiwashe kabisa, ndege huyu ana macho ya usiku.

Jioni nayo ni msitu wa aina yake. Keremkerem wekundu waliokuwa bado hawajaondoka walikuja kulala kwenye mikoko ya Mida magharibi inakaribia, kwa kasi, juu ya maji yaliyojaa. Niliongeza ISO mpaka nikachoka, kisha nikaweka kamera chini na kufungua mfuko wa tende kwa sababu adhana ilikuwa imesikika kutoka kijijini. Mwenye f/4 angepata nafasi ya dakika chache zaidi. Dakika hizo thamani yake ni zaidi ya laki mbili na nusu, na kila mtu ajue mfuko wake.

Nyota nne, basi. Nimeondoa moja kwa kukosa kinga ya maji, na nimeongeza nusu halafu nikaiondoa tena kwa ajili ya kofia ya ET-74B. Kama una laki tatu na unajiuliza, ushauri wangu ni ununue hii, na kinachobaki ulipie vyumba vya Gede au Watamu kwa siku za bamvua, mwaka huu, mwaka ujao na mwingine. Angalia jedwali la maji kabla ya kuangalia bei ya chumba.

Yangu siiuzi. Ramadhani ya 2026 itakwisha kabla ya Machi kumalizika, mapema kidogo kwa vifua vyekundu, kwa hiyo bamvua ya katikati ya Aprili nimeshaifunga kwenye kalenda ya kazi. Kuna familia moja ya Kizingo ilitaka tarehe hizo hizo kwa kupaka hina. Nimewapa namba ya mwenzangu.